Kababu za mchuzi kwenye sufuria ya polepole, kuanzia buchani

Maswali ni yaleyale. Mbona kababu zangu zimemumunyuka zikawa uji wa nyama? Mbona mchuzi umekuwa maji matupu? Nikitoka asubuhi nikauacha umeme unawaka, nitaikuta nyumba? Nimeyajibu barazani, nimeyajibu msibani tukimenya vitunguu, na mara moja nimeyajibu ndani ya bajaji ya Mikindani huku dereva naye akichangia. Sasa nayaandika. Ukiulizwa na mwenzio, mpe hii asome.

Nikisema sufuria ya polepole nina maana ile ya umeme yenye chungu kizito cha kauri ndani, mfuniko wa kioo, na kitufe cha kuzungusha chenye moto mdogo na moto mkubwa. Usiichanganye na presha kuka, maana ile inakimbiza chakula na hii inakibembeleza. Aliyeibuni ni Irving Naxon, Mmarekani wa Chicago, akaipatia hataza mwaka 1940. Mwenyewe alisimulia kuwa wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemhadithia habari za chungu cha chakula kilicholazwa usiku kucha ndani ya tanuri la mkate huko Lithuania. Yeyote aliyewahi kuacha kunde zijipike kwenye makaa yaliyofunikwa majivu anajua alichokuwa anakisema.

Kama huna sufuria hiyo, usiondoke. Njia ya mkaa iko huko chini, na kusema kweli mimi mwenyewe mara nyingine naipenda zaidi.

Neno moja kabla ya yote

Sufuria hii haikaushi maji. Kwenye jiko la kawaida mvuke unapaa na mchuzi unapungua. Humu mvuke unagonga mfuniko na kurudi chini. Ukimimina vikombe vitatu vya maji asubuhi, jioni utavikuta vitatu na juisi ya nyama juu yake. Hilo lilinikuta mimi. Mara ya kwanza nilipika kwa kipimo cha macho kama ninavyopika mchuzi wa siku zote, wifi yangu akafunua, akachungulia, akauliza kwa upole kama leo tunakula supu.

Vya kuwa navyo

Kipimo hiki ni cha watu sita hadi wanane, kababu kama 40.

Za kababu:
- nyama ya ng'ombe ya kusaga, kilo 1
- slesi 3 za mkate uliolala
- maziwa, robo kikombe
- yai 1
- kitunguu maji kikubwa 1
- kitunguu saumu punje 5, na tangawizi kiasi cha kidole gumba
- bizari nyembamba na giligilani ya unga, kijiko 1 cha chai kila moja
- pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- chumvi, vijiko 2 na nusu vya chai vilivyosawazishwa
- kotimiri, fungu 1

Za mchuzi:
- vitunguu maji 2
- nyanya mbivu 6, na nyanya ya kopo vijiko 2 vya chakula
- saumu na tangawizi tena, kiasi kilekile
- bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, na kijiti kimoja cha mdalasini
- nazi 1
- korosho zilizobanguliwa, gramu 100, yaani viganja viwili hivi
- pilipili mbuzi 1 nzima, ndimu 1, mafuta ya kupikia, chumvi

Kwenye korosho nisimame kidogo, maana hapo ndipo sisi wa Mtwara na Lindi tunawapita wengine. Wenzetu wakitaka mchuzi mzito wanatia unga wa ngano au unga wa mahindi, na ladha yake unaijua. Sisi tunasaga korosho. Mchuzi unakuwa mzito, mlaini, na una utamu fulani ambao mgeni ataula bila kujua umetoka wapi. Usinunue zile nzima nyeupe za kupeleka zawadi Dar. Nunua vipande, ni rahisi zaidi na kwenye blenda zote zinakuwa kitu kimoja. Zisiwe zimekaangwa wala kutiwa chumvi. Na kama umeletewa korosho ghafi zenye maganda, toka shambani moja kwa moja, usijaribu kuzibangua jikoni kwa kisu. Mafuta ya lile ganda yanababua ngozi, na moshi wake ukizichoma ndani unawasha macho na kifua. Waachie wanaobangua kila siku.

Upande wa vyombo: sufuria ya polepole ya lita 3 na nusu hadi 5, kikaango, blenda au kinu, mbuzi ya kukunia nazi, chujio, bakuli kubwa.

Iangalie sufuria yenyewe kwanza

Igeuze usome maandishi ya chini. Umeme wetu ni volti 230. Sufuria nyingi za mitumba, na zile alizotuma shemeji kutoka Marekani, zimeandikwa 120. Ukiichomeka hiyo ukutani bila transfoma, utaipika yenyewe.

Soma na wati. Nyingi za ukubwa huu ni kati ya 150 na 300. Ya wati 200 ikiwaka saa tano inakula uniti moja ya Luku, basi. Wanaoiogopa kwa kudhani inafanana na pasi wanajinyima bure.

Ichomeke ukutani moja kwa moja, isipite kwenye waya wa kuunganishia uliokwisha kulegea. Iweke mbali na pazia, wala isikae juu ya meza ya plastiki. Imetengenezwa ili iachwe peke yake, lakini mara yako ya kwanza ibaki nayo nyumbani uijue tabia yake.

Hatua

1. Buchani, usiombe steki. Steki haina mafuta, na kababu isiyo na mafuta ikikaa saa nne kwenye moto inakuwa kavu hata ikiogelea kwenye mchuzi. Omba kidari au bega, nyama iliyochanganyika na mafuta kidogo, kama sehemu moja ya mafuta kwa nne au tano za nyama. Isagwe mbele ya macho yako, na mwambie aipitishe mashineni mara mbili. Nyama iliyosagwa haisubiri. Joto letu la Februari si la mzaha, kwa hiyo ukitoka bucha nenda nyumbani, usipitie kwa mtu kupiga soga.

2. Katakata mkate, umwagie maziwa, uuache dakika kumi, kisha uuponde kwa uma mpaka uwe kama bokoboko. Mkate huu ndio unaoshika maji ya nyama na kufanya kababu iwe laini. Wengine wanaona ni ubahili, ni kuongeza ujazo. Wapike bila mkate mara moja, watajua.

3. Kuna kitunguu au kisage, halafu ukikamue. Kikamue kweli, kwa chujio au kwa kitambaa safi, mpaka maji yaishe. Kama kuna kosa moja linalovunja kababu nyingi kuliko mengine yote ni hili la kutia kitunguu na maji yake. Maji hayo usimwage, yatie kwenye mchuzi baadaye.

4. Changanya vyote kwenye bakuli: nyama, mkate, kitunguu, saumu na tangawizi zilizotwangwa, viungo, chumvi, yai, kotimiri iliyokatwa ndogondogo. Tumia mkono. Kanda dakika mbili hivi, mpaka uone mchanganyiko unaanza kunata na kushikana. Ukikanda kidogo mno zitavunjika, na ukikanda kama unga wa chapati zitakuwa ngumu. Ikinata viganjani, acha hapohapo.

5. Kaanga kipande kidogo, uonje. Usionje nyama mbichi. Chumvi ikipungua unaongeza sasa, maana kababu ikishafinyangwa huna njia ya kuitia chumvi ndani.

6. Weka bakuli kwenye friji nusu saa. Kisha lowesha viganja na ufinyange vidonge vya ukubwa wa ndimu. Visilingane kwa rula, lakini kimoja kisiwe ndimu na kingine chungwa, maana havitaiva pamoja.

7. Kaanga kababu kwenye mafuta kidogo, moto wa wastani kupanda juu, dakika mbili upande huu na mbili upande ule. Hutafuti ziive, unatafuta ngozi ya kahawia. Usizijaze kikaango zikagusana, zitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kuna mapishi yanayosema ruka hatua hii, tumbukiza mbichi. Inawezekana. Ila zitatoka za kijivu, mchuzi utajaa mapovu ya nyama, na ile harufu nzuri ya kukaanga hutaipata. Mimi siruki. Ukishaanza kuzikaanga, endelea mpaka mwisho siku hiyohiyo. Usizikaange leo zikiwa mbichi ndani, ukaziweka kwa ajili ya kesho.

8. Kwenye kikaango hichohicho, bila kukiosha, kaanga vitunguu viwili mpaka vigeuke rangi. Tia saumu na tangawizi, bizari, mdalasini, nyanya ya kopo, ukoroge dakika moja, kisha nyanya ulizozisaga na yale maji ya kitunguu. Pika mpaka mafuta yapande juu na nyanya ziache kunukia ubichi. Usiharakishe hapa. Sufuria ya polepole haitakukaangia nyanya, itaziloweka tu, na mchuzi wa nyanya mbichi iliyolowekwa saa nne ni mchungu na mwembamba. Chumvi kidogo.

9. Kuna nazi. Kamua tui la kwanza kwa maji kidogo sana, upate kikombe kimoja kizito, uliweke kando kwenye friji. Rudisha maji ya vuguvugu kwenye machicha, ukamue tui jepesi, nalo kikombe kimoja. Hilo jepesi limimine kwenye mchuzi wa nyanya, likichemka epua.

10. Panga kababu kwenye chungu cha kauri, safu mbili, zisishindiliwe. Mwaga mchuzi ukiwa wa moto. Ufike nusu ya safu ya juu, usizifunike. Najua mkono utakuwasha uongeze maji. Usiongeze. Weka pilipili mbuzi nzima juu, isipasuke. Chungu kisijae kupita theluthi mbili.

11. Funika. Moto mdogo, saa nne hadi tano. Kama una haraka, moto mkubwa, saa mbili na nusu. Kisha ondoka jikoni. Kila ukifunua kuchungulia unapoteza joto la dakika 15 hadi 20 la kupika, na ukifunua mara nne umejiongezea saa nzima. Usikoroge pia. Ukitaka kuhakikisha mchuzi umejisambaza, shika sufuria masikio yake mawili uitikise taratibu.

12. Wakati huo korosho zako zimelowekwa kwenye maji ya moto nusu saa. Zisage na lile tui zito mpaka usisikie chembe ukipapasa kwa vidole. Huna blenda? Kinu kinafanya, ila ujiandae kwa jasho, na upitishe kwenye chujio.

13. Nusu saa ya mwisho, toa pilipili, mwaga korosho na tui, tikisa, weka moto mkubwa, na mfuniko uuache wazi kidogo. Tui zito lisitiwe mapema. Likikaa saa nne kwenye moto linakatika, mafuta yanaelea huku na maji yanabaki kule.

14. Kabla ya kuzima, toa kababu moja uipasue. Isiwe na wekundu ndani. Mwenye kipimajoto cha nyama asome nyuzi 71 au zaidi katikati. Zima, kamulia ndimu, onja chumvi.

Kula na nini ni shauri lako. Wali unakubali, chapati inakubali. Mimi, jioni za Julai upepo wa kusi ukivuma, nasonga ugali wa muhogo, na hapo sitaki kusikia habari ya wali. Ndugu zangu wa Newala, ambao baridi yao ni baridi kweli, wanaielewa hiyo.

Kwa mkaa

Kila kitu ni kilekile mpaka hatua ya tisa. Kisha panga kababu kwenye sufuria nzito au chungu cha udongo, ongeza nusu kikombe cha maji, maana humu mvuke unatoka. Mkaa uwe mchache, umeshika wote, umefunikwa majivu. Funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa matatu manne juu, kama wali. Mchuzi uwe unatoa kipovu kimoja kimoja. Ukiusikia unabwabwaja, punguza. Saa moja na nusu inatosha, na kila nusu saa tikisa ili chini isishike. Fanya kazi hiyo uani au penye hewa inayopita. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, na halinuki wakati linaua.

Yakienda kombo

*Zimevunjika.* Uliza kitunguu kilikamuliwa? Zilikaangwa? Nani alikoroga? Kwa kawaida jibu ni mojawapo ya hayo. Zilizokwisha kuvunjika, ziponde zote, ule na tambi, na mtu asikwambie lolote.

*Mchuzi ni maji.* Toa kababu, mimina mchuzi kwenye sufuria ya kawaida, uchemshe wazi kwa moto mkali mpaka upungue, kisha ndipo utie korosho na tui. Ukiwa umeshavitia, chemsha kwa moto mdogo huku unakoroga.

*Mafuta yameelea juu.* Nyama ilikuwa na mafuta mengi. Yaondoe kwa upawa kabla ya hatua ya 13.

*Tui limekatika.* Ladha haijaharibika. Chota upawa mmoja wa mchuzi, usage na korosho kidogo kwenye blenda, urudishe. Kwa kawaida unashikana tena.

*Umeme umekatika katikati.* Hili ndilo swali la kwetu hasa. Ukiwa upo nyumbani, usikae unasubiri urudi. Hamisha chakula kwenye sufuria ya kawaida, umalizie kwenye gesi au mkaa papo hapo. Kile chungu cha kauri usikitie motoni, kitapasuka. Kama ulikuwa umetoka, ukarudi ukakuta saa ya ukutani ya umeme inapepesa na hujui ulikatika kwa muda gani, kimwage. Ndiyo, kilo nzima. Nyama ya kusaga iliyokaa vuguvugu kwa saa nyingi haitakwambia kwa harufu kwamba imeharibika. Kwa sababu hiyo mimi napika nikiwa nyumbani, siku ya kufua.

*Nyama ilikuwa imeganda.* Iyeyushe kwenye friji tangu jana yake. Nyama ya barafu kwenye sufuria hii inachukua muda mrefu mno kupata moto, na muda huo ndio wadudu wanaoutaka. Hata kababu ulizozigandisha tayari zimefinyangwa, ziyeyushe kwanza.

*Chungu kimepasuka.* Kilikuwa cha moto ukakitia maji baridi, au ukakiweka juu ya sakafu mbichi. Kiache kipoe chenyewe, ndipo ukiloweke.

*Naweza kutumia samaki?* Wa Feri, pale soko la samaki, lazima muulize. Nguru au jodari anafaa, ila kababu ya samaki haivumilii saa nne. Pika mchuzi peke yake, kababu za samaki zikaange ziive kabisa, uzitie pamoja na tui katika ile nusu saa ya mwisho.

Zikibaki

Zisilale ndani ya sufuria. Zigawe kwenye vyombo vifupi zipoe haraka, na ndani ya saa mbili ziwe kwenye friji. Humo zitakaa siku tatu. Mchuzi wa nazi hauna subira zaidi ya hapo. Kwenye friza, bila tui, miezi miwili. Kuzipasha, tumia jiko la kawaida mpaka mchuzi uchemke. Sufuria ya polepole haifai kupashia kiporo, inachelewa mno kufikia moto unaotakiwa.

Na kwa kuwa najua kitu cha pili utakachotaka kupika humo ni maharage: yale mekundu yana sumu inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu tu, na moto mdogo wa sufuria hii haufiki huko. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, yachemshe kwa maji mapya kwenye jiko la kawaida nusu saa yakitokota kwelikweli, ndipo uyahamishie.